Malkia Victoria: Mjane aliyekaa matanga miaka 40

Kila jioni ndani ya Kasri la Windsor, mtumishi alikuwa akitandaza nguo safi za Mwanamfalme Albert kitandani. Kukicha, maji ya moto ya kunyolea ndevu yalipelekwa chumbani kwake pamoja na taulo safi. Shida ni kwamba Albert alikuwa ameshakufa. Na mambo hayo hayakuisha arobaini ilipopita, yaliendelea mwaka baada ya mwaka, kwa amri ya mjane wake.

Mjane huyo ni Victoria, malkia wa Uingereza ambaye jina lake limebaki kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Picha zake tunazozijua ni za bibi mnene, kavaa nguo nyeusi, hacheki. Nguo hiyo aliivaa Desemba 1861 akiwa na miaka 42. Aliendelea na nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901.

Siku hizi hali ya namna hii ina jina hospitalini: huzuni ya kufiwa iliyopitiliza. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inaitambua pale majonzi makali yanapozidi miezi 6, yakavuka mila za watu wake, na kumfanya mtu ashindwe kuendesha maisha. Madaktari wa akili wa Marekani wao wanasubiri mwaka mzima kwa mtu mzima. Marehemu hapimwi, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwandikia Victoria cheti cha ugonjwa leo. Lakini maisha yake yanaonyesha vizuri mtu anakwama wapi, na nini humkwamua.

Mume aliyekuwa kila kitu

Victoria alizaliwa Mei 1819 na baba yake akafariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Alilelewa kwa kubanwa mno. Mpaka anakuwa malkia Juni 1837, akiwa na miaka 18, alikuwa bado analala chumba kimoja na mama yake, na hakuruhusiwa kushuka ngazi bila kushikwa mkono.

Mwaka 1839 yeye ndiye aliyemchumbia Albert, maana hakuna mwanaume anayeweza kumposa malkia. Walioana Februari 1840, wakapata watoto tisa, na wote walikua.

Meza zao za kazi zilikaa bega kwa bega. Albert alisoma nyaraka za serikali, akaandaa majibu na kusimamia matumizi ya nyumba. Hata gauni na kofia malkia alimuuliza yeye kwanza. Basi alipoondoka, Victoria alipoteza mume, katibu, mshauri na rafiki kwa usiku mmoja.

Mwaka wenyewe ulikuwa umeshaanza vibaya. Machi 1861 mama yake alifariki, na Victoria alilia kwa wiki nyingi. Desemba 14 akafuata Albert. Madaktari walisema ni homa ya matumbo.

Lawama kwa mtoto

Ukitafuta mahali msiba huu ulipopinda, tazama uhusiano wa malkia na mwanawe mkubwa, Bertie, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Kijana huyo alikuwa amefumwa kwenye uhusiano na mwigizaji wa kike. Mwishoni mwa Novemba, Albert alisafiri hadi Cambridge kuzungumza naye, akiwa tayari anaumwa. Wiki tatu baadaye alikuwa amekufa.

Victoria akaamua kwamba Bertie ndiye aliyemuua baba yake. Kwa miaka mingi alishindwa kumtazama bila kusisimka mwili. Kumbe homa ya matumbo haiji kwa aibu ya mtoto, na Albert alikuwa akisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu kabla ya safari hiyo. Hakukuwa na mtu wa kukaa na malkia akampitisha kwenye hesabu hiyo taratibu. Nani angethubutu?

Watoto wengine nao walilipa. Binti yake Alice aliolewa Julai 1862 kwenye chumba cha kulia chakula, kisiwani Wight, na nguo alizoandaliwa za kuanzia ndoa zilikuwa nyeusi. Bertie alipooa Machi 1863, mama yake alitazama ibada kutoka kwenye roshani ya juu, na nyeusi zake.

London ilimsubiri ikachoka. Mwaka 1864 kuna mtu alibandika tangazo la dhihaka kwenye uzio wa Kasri la Buckingham, kwamba jengo linapangishwa kwa sababu biashara ya aliyekuwemo imedorora. Malkia alirudi kufungua Bunge mwaka 1866 tu, na hata hapo hotuba ilisomwa na mtu mwingine. Wabaya wake hawakukosa kuona kwamba mwaka huohuo Bunge lilitakiwa kupitisha fedha za kumwozesha binti yake Helena.

Farasi kutoka Scotland

Mabadiliko ya kwanza ya maana yalianzia zizini. Desemba 1864 Alice na daktari wa malkia walishauri aletwe John Brown, mtumishi wa nyumba ya Balmoral huko Scotland, pamoja na farasi mdogo ambaye malkia alikuwa amemzoea. Kazi ya Brown ilikuwa nyepesi kuielezea: amtoe malkia nje kila siku, hewa impige usoni.

Brown hakuwa mtu wa kunyenyekea. Alimsemesha malkia kama anavyosemeshwa mama wa jirani, na Victoria akapenda. Watoto wake walimchukia, magazeti yakazusha mengi. Lakini mwanamke aliyekuwa akijifungia ndani akaanza kutoka.

Wanaotibu huzuni ya kufiwa kwa tiba ya kubadili fikra na tabia wangeitambua mbinu hiyo mara moja. Mgonjwa haambiwi asubiri moyo utulie ndipo aanze kuishi. Anapewa jambo dogo la kufanya, kesho lingine, na moyo unafuata nyuma.

Siku hizi tiba hiyo inapatikana hata mtandaoni, nayo hutegemea sana kuandika. Katika utafiti wa Zurich, Uswisi, uliochapishwa 2006, waliofiwa waliandika mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, kwa wiki tano. Mtaalamu alisoma na kuwajibu kwa maandishi bila kuonana nao. Kwanza waliandika tukio la kifo lenyewe, hasa sehemu wanayoikwepa. Kisha waliandika barua ya kumpa moyo rafiki wa kufikirika aliyefiwa kama wao. Mwisho waligeukia kumbukumbu za marehemu na maisha yaliyo mbele. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa bado kwenye foleni. Hata hivyo, mtu anayefikiria kujiua hahitaji kubaki na simu tu. Huyo anapaswa kuonana na mtaalamu ana kwa ana, haraka.

Victoria aliandika kuliko watu wengi waliowahi kuishi. Shajara aliianza akiwa na miaka 13, na baada ya msiba aliirudia Januari 1, 1862. Ila shajara haijibu. Haikumuuliza kama ni kweli Bertie ameua.

Barua ya kumpa moyo aliyefiwa nayo aliwahi kuiandika bila kuagizwa na daktari. Aprili 1865, Rais Abraham Lincoln alipouawa, malkia alimwandikia mjane wake, Mary, kama mjane kwa mjane.

Tarehe 14 Desemba

Mwishoni mwa 1871 Bertie aliugua homa ya matumbo, ugonjwa uleule. Nyumba nzima iliihofia Desemba 14, miaka kumi kamili tangu baba yake afe. Victoria alikwenda kukaa karibu na kitanda cha mtoto aliyekuwa hataki hata kumwona. Siku hiyo ilifika, na Bertie akaanza kupata nafuu.

Februari 1872 mama na mwana walipita barabara za London kwenda kushukuru katika kanisa la St Paul's, na umati ukawashangilia. Madai ya kuondoa ufalme, yaliyokuwa yamepamba moto, yalipoa. Malkia akaona kwamba watu walikuwa bado wanamtaka.

Hakupona kabisa. Mwaka 1878 Alice, binti aliyempelekea farasi, alikufa kwa ugonjwa wa dondakoo. Tarehe ilikuwa Desemba 14. Lakini safari hii Victoria hakutoweka. Aliendelea na kazi, akasherehekea miaka 50 ya utawala mwaka 1887 na miaka 60 mwaka 1897. Mwaka wa sherehe ya kwanza alipata mtumishi kutoka India, Abdul Karim, akaanza kujifunza lugha yake akiwa na miaka 68.

Alikufa Januari 22, 1901, akiwa na miaka 81. Aliagiza mazishi yake yawe meupe. Jenezani aliwekewa shela lake la harusi, joho la Albert na plasta iliyofinyangwa kwa umbo la mkono wake. Picha ya John Brown iliwekwa pia, ikafichwa kwa maua ili watoto wasiione.

Alizikwa Frogmore pembeni ya mumewe. Sanamu ya kulala juu ya kaburi lake ilikuwa imeshachongwa miaka ya 1860 pamoja na ya Albert, ikahifadhiwa kumsubiri. Ndiyo maana bibi wa miaka 81 amelala pale na uso wa mwanamke ambaye ndiyo kwanza amefiwa.