Alitekwa Akiwa Mtoi, Akakua Akipokea Watoro

Msee wa Kitale, siku ukishuka Bungoma uunganishe matatu ya Mumias, kumbuka jina hili: William Jones.

Jamaa aliingizwa utumwani akiwa mtoi. Waingereza wakamwokoa, akalelewa na wamisheni kule Nasik, India, akawa Mkristo. Angebaki huko mbali, lakini 1864 alirudi Rabai, pwani ileile ya watumwa.

1885 akafanywa shemasi. Mwaka huohuo akatembea na Askofu Hannington hadi Mumias, akaachwa hapo na msafara. Askofu akauawa Busoga. Jones akawarudisha wenzake Rabai kwa miguu.

Huko Rabai, watumwa waliotoroka walikimbilia kwake. Hakuwafukuza. 1888 wenyewe wakaja juu wakiwataka. Mwishowe kampuni ya Waingereza ikalipa, na Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni za pwani wakapewa barua za uhuru.

Kama kuna kitu ulifanyiwa utotoni na bado kinakuchoma, cheki huyu buda. Yaliyompata hayakufutika, ila kanisa lililompokea ndilo alilotumia kupokea wengine. Usijifungie nayo peke yako. Tafuta mtu unayemwamini, umwambie.