Frederick Abel, Aliyepima Mbio za Mlipuko

Frederick Augustus Abel alizaliwa London tarehe 17 Julai 1827. Baba yake alikuwa mtu wa muziki, lakini kijana alipopata umri wa miaka 14 alikwenda Hamburg kumzuru jamaa yake, mjuzi wa mawe na madini, na tangu hapo moyo wake ukashikwa na elimu ya kemia. Mwaka 1845 akaingia chuo kipya cha kemia mjini London, akafundishwa na Hofmann, Mjerumani mwenye sifa. Mwaka 1852 akashika mahali pa Michael Faraday mkuu, akawa mwalimu wa kemia katika chuo cha maofisa wa jeshi huko Woolwich.

Siku zile palikuwa na kitu kipya kilichowatamanisha watu na kuwatisha pia, nacho ni pamba ya baruti. Mwaka 1846 Schönbein, mwalimu wa Basel, alitangaza ya kuwa pamba ya kawaida ikitiwa katika tindikali kali hupata nguvu kupita baruti nyeusi, wala haitoi moshi. Wenye machimbo wakaitaka kwa kupasulia majabali. Lakini mwaka 1847 kiwanda chake huko Faversham, Uingereza, kililipuka, wakafa watu wapata 20, na kazi ikaachwa.

Abel aliichunguza pamba hiyo kwa miaka mingi, akaona ya kuwa nyuzi zake ni kama mirija myembamba mno. Tindikali hubaki ndani yake, na polepole huiharibu pamba hata ikashika moto bila kuwashwa. Basi mwaka 1865 akaonyesha njia yake: pamba isagwe majini mpaka iwe kama uji, ioshwe mara nyingi, kisha ishindiliwe iwe vipande vigumu. Mwaka 1868 msaidizi wake, E. O. Brown, akavumbua jambo la ajabu. Kipande kile kikiguswa na moto huwaka tu. Lakini fataki ndogo ikilipuliwa juu yake, kipande chote hupasuka kwa kishindo.

Kisha yakatokea maafa. Tarehe 11 Agosti 1871 kiwanda cha pamba ya baruti huko Stowmarket kililipuka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Wawili wa jamaa ya wenye kiwanda waliuawa na mlipuko wa pili, walipokuwa wakiondoa masanduku ili kuokoa wenzao. Watu wengi wakasema njia ya Abel haifai. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana ya kuwa tindikali ilitiwa katika pamba baada ya kwisha kukaguliwa, wala aliyeitia hakujulikana. Hata hivyo hofu haikuondoka, na Abel alijua ya kuwa maneno matupu hayatamtuliza mtu.

Kulikuwa na swali moja kubwa: mlipuko hupitaje ndani ya pamba, na kwa mbio gani? Jicho haliwezi kuufuata, wala saa ya mfukoni. Andrew Noble (asidhaniwe kuwa ni Alfred Nobel wa baruti ya dainamaiti) alikuwa amebuni chombo cha kupima mwendo wa risasi ndani ya mzinga. Kilikuwa na sahani nyembamba za madini, zikizunguka upesi sana, na ukingoni mwake karatasi yenye masizi. Waya wa umeme ukikatika, cheche huruka na kuacha doa jeupe katika masizi.

Abel akapanga vipande vya pamba katika mstari mrefu, akatandaza nyaya juu yake kwa nafasi zilizopimwa. Mlipuko ulipokimbia, ulikata waya mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukaacha doa lake. Chombo kilikaa mbali na hatari, na mpimaji pia. Kwa mfano, ikiwa nyaya mbili zimeachana futi 6, na ukingo wa sahani unakwenda inchi 1,000 kwa sekunde, madoa yakiachana theluthi ya inchi, basi mlipuko umepita futi 6 katika sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Hizo ni futi 18,000 kwa sekunde, kiasi cha mara 16 ya mbio za sauti hewani.

Hesabu alizopata Abel zilikuwa karibu na hiyo, nazo zilichapwa na Royal Society mwaka 1874. Lenye faida zaidi lilikuwa hili: pamba iliyoloweshwa maji, ambayo hata moto wa jiko hauiwashi, ikilipuliwa kwa kipande kikavu na fataki, nayo hupasuka kwa mbio zisizopungua za pamba kavu. Tangu hapo pamba ya baruti iliweza kuwekwa ghalani na kusafirishwa ikiwa na maji.

Abel alifanya mengine pia. Alichunguza vumbi la makaa baada ya mlipuko wa mgodi wa Seaham wa mwaka 1880, na mwaka 1889, pamoja na James Dewar, alitengeneza baruti iitwayo kodaiti. Kipimo chake cha mafuta ya taa, kilichowekwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1879, kiliwazuia wachuuzi kuuza mafuta yanayolipuka taani.

Alikufa London tarehe 6 Septemba 1902, mwenye umri wa miaka 75.