René Floriot, avoka wa Paris aliyebeba dosie ya Moïse Tshombe

Lubumbashi – Katikati ya mji, kwenye uwanja wa Posta, sanamu ya Moïse Tshombe inatazama magari na wapita njia. Kuna wakaaji wanaomwita baba wa Katanga. Wengine wakipita pale wanamkumbuka kwanza Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, wakati Tshombe alikuwa rais wa Katanga iliyojitenga. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, kwenye meza za familia na hata kwenye baa. Jina ambalo halitajwi sana ni la avoka Mfaransa aliyekubali kusimama upande wa Tshombe mwaka 1967, wakati viongozi wengi wa Afrika hawakutaka hata kusikia habari zake. Aliitwa René Floriot.

Floriot alizaliwa Paris tarehe 20 mwezi wa kumi 1902. Alipoanza kazi alijulikana kwa kesi za talaka. Ni kazi isiyo na sifa kubwa kwa avoka kijana, lakini ndiyo iliyomfundisha kusoma karatasi: barua, tarehe, risiti, ushahidi wa jirani. Baadaye alifungua kabine kwenye avenue Hoche, akawaweka maavoka vijana wengi wa kumsaidia kuchambua dosie, mpaka wenzake wakaiita kabine hiyo kiwanda. Floriot hakuwa avoka wa kulia mbele ya majaji. Alisimama na namba za kurasa kichwani, akatafuta mahali ambapo ushahidi haushikani.

Mwaka 1946 alimtetea daktari Marcel Petiot. Wakati wa vita, Petiot aliwaahidi watu waliowaogopa Wanazi, wengi wao Wayahudi, kwamba atawatorosha kwenda Amerika ya Kusini. Aliwaua, akachukua mali yao. Polisi walikuta mabaki ya miili nyumbani kwake, rue Le Sueur, mwezi wa tatu 1944. Alishitakiwa kwa mauaji ya watu 27. Paris nzima ilitaka afe, na ni vigumu kuwalaumu. Floriot na wasaidizi wake waligawana dosie za wafu hao, wakauliza juu ya kila mmoja swali lile lile: ni nini kinachoonyesha kwamba huyu naye aliuawa na Petiot? Korti ilimwona na hatia kwa karibu yote, naye akakatwa kichwa tarehe 25 mwezi wa tano 1946. Lakini hakuhukumiwa kwa jumla kama gunia. Kila jina lilipata saa yake kortini, na jambo hilo lilikuwa na maana kwa familia za waliouawa pia.

Miaka mitatu baadaye alisimama na Otto Abetz, aliyekuwa balozi wa Hitler mjini Paris wakati Wajerumani walikuwa wameikalia Ufaransa. Floriot alikuwa Mparisi, na wateja, majaji na watazamaji wote walikuwa wametoka tu katika miaka ile minne. Kama alikuwa na chuki yake, hakuileta mbele ya tribinali. Abetz alipewa miaka 20 ya kazi ngumu, si kifo. Halafu mwaka 1960, kule Geneva, alikuwa kati ya waliomtetea Pierre Jaccoud, batonie wa zamani aliyeshitakiwa kumuua mzee mmoja. Huyo alipata miaka 7.

Ndiyo sababu jina lake lilikuwa kubwa wakati kesi ya Tshombe ilipokuja.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1967, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kongo, ndege ndogo iliyombeba Tshombe karibu na visiwa vya Hispania ilitekwa na Mfaransa mwenye silaha, Francis Bodenan, ikalazimishwa kutua Algeria. Tshombe alikuwa amekimbilia Hispania kisha kuondolewa kwenye kiti cha waziri mkuu mwaka 1965. Kinshasa ilikuwa imemhukumu kifo mwezi wa tatu 1967, bila yeye kuwepo, kwa kosa la kuisaliti nchi. Mobutu akaomba mara moja arudishwe. Kila mtu alijua kinachomngoja huko.

Algeria haikuwa mahali pazuri pa kumtetea Tshombe. Nchi ile ilimheshimu Lumumba kama shujaa, na ilikuwa na miaka mitano tu tangu ijitoe mikononi mwa Wafaransa. Zaidi ya hayo, tarehe 5 mwezi wa saba mamluki wa Jean Schramme waliasi Kisangani, na mwezi uliofuata wakaiteka Bukavu. Watu wa kule wanajua damu iliyomwagika. Kila risasi iliyopigwa Kivu ilimfanya mfungwa wa Algiers aonekane mbaya zaidi.

Kumpenda Tshombe hakukuhitajika ili kuona matobo ya dosie ile. Mtu aliletwa kwa bunduki, si kwa sheria. Hukumu yake ilitolewa bila yeye kujieleza. Na desturi ya sheria kati ya mataifa inakataza kumrudisha mtu kwa makosa ya kisiasa. Hata hivyo, tarehe 21 mwezi wa saba 1967, Korti Kuu ya Algeria ilitoa maoni kwamba anaweza kurudishwa Kinshasa.

Neno la mwisho lilikuwa la rais Houari Boumediene, naye hakumtoa wala kumwachilia. Ni ushindi wa nusu, na mtu anaweza kuuliza kama ulitokana na maavoka au na hesabu za siasa tu. Tshombe alibaki kizuizini.

Floriot hakuwa mtakatifu. Wateja wake wengi walikuwa na mfuko mzito, na familia ya Tshombe haikuwa maskini. Katika gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, kuna watu wanaochukiwa katika mitaa yao kuliko Tshombe alivyochukiwa Algiers, na ambao hawana franga ya kumlipa mtu. Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inawapa nao haki ya kuwa na mtetezi. Maavoka wanaopangiwa kesi hizo bila malipo wanajua maneno wanayoambiwa na jamaa za aliyekosewa wakitoka kortini.

Mwaka 1968, mteja wake akiwa bado amefungwa, Floriot alitoa kitabu juu ya makosa ya korti, Les erreurs judiciaires. Tshombe alikufa Algeria tarehe 29 mwezi wa sita 1969. Madaktari walisema ni moyo; Katanga wengi hawakuamini. Alizikwa Ubelgiji. Floriot alikufa tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 1975.