Cézanne: Mchoraji aliyeponzwa na dhoruba

PAUL Cézanne, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Ufaransa, alizaliwa Januari 19, 1839, mjini Aix-en-Provence, kusini mwa nchi hiyo. Baba yake, mwenye benki, alitaka awe mwanasheria, lakini kijana huyo aliacha sheria akashika brashi.

Katika miaka ya 1870, akiwa pamoja na Camille Pissarro, alizoea kuchora mandhari nje kwa rangi za mafuta. Kazi hiyo ilidai subira: rangi hizo hukauka polepole, ilhali wingu moja likipita, sura ya mlima hubadilika. Naye, aliyechora taratibu mno, aliurudia Mlima Sainte-Victoire miaka nenda, miaka rudi. Maonyesho yake binafsi ya kwanza yalifanyika Paris mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 56.

Septemba 1906, mgonjwa na mzee, alimwandikia rafiki yake kuwa ameapa kufa akichora. Oktoba 15 dhoruba ilimkuta kazini. Alikaa mvuani kwa saa kadhaa, akarudishwa nyumbani hoi kwa gari la dobi. Kesho yake alikwenda bustanini kuendelea na picha ya mtunza bustani wake. Mwezi huohuo akafariki dunia.