BERNARD HERRMANN: JAMAA ALIYEIPA MIFUPA UHAI KWA MARIMBA

Huku Mabogini mawingu yakifunguka tunauona mlima mzima, ila wengi hatujui kwamba mwaka 1952 Hollywood walitoa filamu yenye jina lake, The Snows of Kilimanjaro. Mwindaji mgonjwa kalala porini, anakumbuka mapenzi ya zamani, na fidla zinalia taratibu mpaka unamwonea huruma. Aliyetunga muziki ule ni Bernard Herrmann, na ndo mtu wetu wa leo.

Jamaa alizaliwa New York tarehe 29 Juni 1911. Mwaka 1934 akaingia redio ya CBS, baadaye akafanya michezo ya redio na Orson Welles. Redioni hakuna picha, kwa hiyo kama ni usiku au hofu, lazima msikilizaji avione kwa masikio. Shule yake ilikuwa hiyo. Mwaka 1941 wakaingia wote kwenye sinema na Citizen Kane. Mwaka huohuo akatunga muziki wa filamu ya mkulima aliyeuza roho kwa shetani, ikampa Oscar yake pekee.

Sasa wapenzi wa mazimwi, tafuteni The 7th Voyage of Sinbad ya 1958. Huyu Sinbad ni yuleyule baharia wa Alfu Lela Ulela. Kuna sehemu anapigana upanga na mifupa ya mtu. Kumbe mifupa yenyewe ni mwanasesere mdogo tu, Ray Harryhausen alikuwa anamsogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja. Herrmann akaweka marimba, mlio mkavu wa mbao, unasikia kabisa mifupa inagongana. Zima sauti uangalie tena, utaona mwanasesere. Washa sauti, moyo unaenda mbio!

Mwaka 1960 kwenye Psycho akatumia ala za nyuzi tupu. Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki, Herrmann akatunga hivyohivyo, bosi kusikia tu akakubali. Mwaka 1963, kwenye Jason and the Argonauts, akageuza: nyuzi za fidla nje, tarumbeta na ngoma ndani. Jitu la shaba Talos likitembea unausikia uzito wake.

Lakini msimamo una gharama. Mwaka 1966, kwenye Torn Curtain, wakubwa walitaka muziki mwepesi wa kuuza sokoni. Jamaa akaandika alichoona picha inataka. Hitchcock akamtoa, na urafiki wa miaka zaidi ya 10 ukaishia hapo. Akahamia London. Baadaye vijana kina Brian De Palma na Martin Scorsese wakamfuata wenyewe. Tarehe 23 Desemba 1975 akamaliza kurekodi muziki wa Taxi Driver, akaenda kulala, hakuamka tena. Alikuwa na miaka 64.

Wale mnaotengeneza filamu hapa Bongo, chukueni hiyo. Msibandike wimbo wowote uliopo kwenye kompyuta halafu mshangae watu wanacheka kwenye sehemu ya kutisha. Mtunzi wa muziki aitwe mapema, na alipwe.

Haya wadau, nyie filamu gani iliwatisha kwa muziki wake? Mwageni maoni hapo chini.