Wilbur Wright, Fundi wa Baiskeli Aliyeruka Angani

Kila siku ndege za Mombasa hupita juu ya Makueni hapa nasi huinua shingo kama kuku anayekunywa maji. Lakini ni wangapi wetu wanaojua kwamba ndege ya kwanza yenye injini iliundwa nyuma ya duka la baiskeli?

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 huko Indiana, Marekani. Baba yake alikuwa askofu, ila aliyejua kutumia nyundo na msumeno ni mama, binti wa fundi wa mikokoteni. Wilbur alikuwa mwerevu na alitazamiwa kwenda chuo kikuu. Siku moja akicheza mpira wa magongo kwenye barafu alipigwa usoni, meno yakang'oka. Akakaa nyumbani miaka mitatu hivi, akimuuguza mama aliyekuwa na kifua kikuu hadi alipofariki mwaka 1889. Mambo ya chuo yakaishia hapo.

Mwaka 1892 yeye na mdogo wake Orville walifungua duka la baiskeli mjini Dayton. Mjomba wangu ana kibanda cha kazi hiyo hiyo hapa Wote, na wapo wanaomcheka eti hiyo ni kazi ya walioanguka mtihani. Basi wajue kuwa Wilbur naye hakuwa na cheti cha shule ya upili.

Mwaka 1901 ndugu hawa waliunda chombo kisicho na injini wakifuata hesabu za vitabuni. Kikainuliwa na upepo kidogo sana kuliko vitabu vilivyoahidi. Hapa ndipo ninapompenda jamaa huyu! Wao hawakukariri tu. Walijenga sanduku refu la mbao, futi 6, wakaweka feni upande mmoja, wakapima ndani yake vibawa vidogo karibu 200. Mizani walijitengenezea kwa spoki za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma. Hesabu zao wenyewe ndizo zilizowarusha.

Ndege ya 1903 ilikuwa ya mbao nyepesi na kitambaa cha pamba, na Wilbur mwenyewe alijua kutumia cherehani. Panga zake mbili, kila moja zaidi ya futi 8, zilichongwa kwa mkono kama wachongaji wa Wamunyu wanavyochonga twiga. Fundi wao, Charlie Taylor, aliunda injini kwa wiki 6, nayo ikazungusha panga kwa minyororo kama ya baiskeli. Nilipomsimulia mjomba, aliuliza jambo moja tu: mnyororo haukukatika? La, vyuma vilivyoshika panga ndivyo vilivyopasuka, tena mara mbili, na Orville akapanda treni kurudi Dayton kutengeneza vingine.

Tarehe 14 Desemba Wilbur alijaribu kwanza akaanguka, ndege ikavunjika kidogo. Tarehe 17 ikawa zamu ya Orville, sekunde 12. Mara ya nne siku hiyo Wilbur akaruka sekunde 59, futi 852. Kisha upepo ukaipindua ndege na kuiharibu, haikuruka tena.

Baba yao aliwakataza kupanda ndege moja wote wawili, asije akawapoteza pamoja. Aliwaruhusu mara moja tu, Mei 1910. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1912, Wilbur alifariki kitandani kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 45.