Amos Alonzo Stagg: Mwalimu wa Michezo Aliyekataa Kustaafu

Wapenzi wa mbio katika nchi hii wanajua kuwa vijana wetu wengi walipata kisomo Marekani kwa nguvu za miguu yao. Marehemu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Mwanariadha wa namna hiyo akifika chuoni humkuta mkurugenzi wa michezo, mtu mwenye afisi yake, fedha zake na walimu walio chini yake. Cheo hicho hakikushuka na mvua. Wako watu waliokipa sura yake ya mwanzo, na katika hao aliyevuma zaidi ni hayati Amos Alonzo Stagg wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti, 1862, mjini West Orange, jimbo la New Jersey, mwana wa fundi viatu. Alikwenda Yale kusomea uchungaji. Huko alisifika kwa kurusha mpira wa besiboli, na mwaka 1889 akatiwa katika orodha ya kwanza ya wachezaji bora wa taifa wa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo ambao mpira wake ni mfano wa yai, na hubebwa mikononi zaidi ya kupigwa teke.

Lakini Stagg alijiona si hodari wa kuhutubu, akaiacha mimbari. Hakuiacha dini. Aliamini kuwa kijana aweza kufunzwa adabu na subira uwanjani kama afunzwavyo kanisani. Akaenda kufundisha katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, ambako mmoja wa wachezaji wake alikuwa James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu. Mchezo huo ulipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, mwezi wa Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu 5 kwa 1, na hilo bao moja la walimu alilitia Stagg.

CHICAGO YAMWITA

Mwaka huo huo William Rainey Harper, bingwa wa lugha ya Kiebrania aliyepata kumfundisha Stagg huko Yale, alikuwa akifungua chuo kikuu kipya Chicago kwa mali ya tajiri Rockefeller. Chuo kilikuwa na fedha lakini hakikuwa na jina, na Harper alijua kuwa mpira hutangaza jina upesi kuliko vitabu. Akampa Stagg mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka, cheo cha profesa mshiriki, na kazi ya kudumu. Hilo lilikuwa jambo geni. Walimu wa mpira siku zile walichukuliwa kwa msimu tu, kama vibarua, na msimu ukiisha wakaenda zao.

Timu ya kwanza ilikuwa na watu wachache hata mwalimu mwenyewe, naye ana miaka 30, alivaa jezi akacheza pamoja na wanafunzi wake. Mwaka 1896 Chicago ilikuwa miongoni mwa vyuo saba vilivyounda jumuiya ambayo leo yaitwa Big Ten, na Stagg akautwaa ubingwa wake mara saba. Siku iliyokumbukwa zaidi ni ile ya mwisho wa Novemba 1905, Chicago ilipoilaza Michigan 2 kwa 0. Michigan ilikuwa haijafungwa katika michezo 56.

Mwenyewe hakunywa pombe wala kuvuta tumbaku, na ulimi wake haukujua matusi. Mchezaji akimuudhi kabisa, Stagg alimwita punda, na hapo ndipo hasira yake ilipokomea. Mkewe, Bi. Stella, alikuwa msaidizi wake, akikaa jukwaani na kalamu na karatasi, akiandika namna mchezo unavyokwenda.

Hata hivyo sifa haiji peke yake. Idara ya Stagg ikawa serikali ndani ya serikali: hakuwa na bwana ila mkuu wa chuo, na fedha za mlangoni alizisimamia yeye. Nyota wake mkubwa, Walter Eckersall, aliyeshangiliwa na mji mzima mwaka ule wa 1905, alitoka chuoni bila ya shahada. Mwaka huo huo vijana wapatao 18 walikufa viwanjani katika nchi nzima, na wako maprofesa waliotaka mchezo ufutwe. Stagg alikuwa katika kamati ya sheria, na mwaka 1906 sheria zikabadilishwa: ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele, ili wachezaji wasirundikane na kupondana. Mchezo ukapona. Lile swali la nani amtumikie mwenziwe, chuo au mpira, halikupona.

MIAKA SABINI

Ubingwa wa mwisho wa Stagg katika jumuiya ile ulikuwa wa mwaka 1924. Mwaka 1929 chuo kilipata mkuu mpya, Robert Hutchins, kijana wa miaka 30, ambaye kwake vitabu vilikuwa mbele na mpira nyuma. Stagg alipotimiza miaka 70 aliambiwa kuwa sheria ya chuo ni kustaafu. Alitafutiwa kazi nyingine, nyepesi na ya heshima. Akaikataa. Baada ya misimu 41 alifunga mizigo yake akaenda California, katika chuo kidogo cha Pacific mjini Stockton, akaanza upya.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwezi wa Novemba 1938 mzee alirudi Chicago na vijana wake wa Pacific, akaingia katika uwanja ulioitwa kwa jina lake mwenyewe, Stagg Field, akaifunga timu ya nyumbani 32 kwa 0. Mwaka uliofuata Hutchins aliufuta mpira huo chuoni. Majukwaa yakabaki bila ya watazamaji. Tarehe 2 Desemba, 1942, chini ya jukwaa la magharibi, Enrico Fermi na wenziwe walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuiendesha nguvu ya atomu kwa mfululizo. Pahala palipojengwa kwa ajili ya mchezo ndipo ilipofunguliwa njia ya kuifikia bomu.

Mwaka 1943, naye ana miaka 81, makocha wenziwe walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Pacific nayo ikaja ikamtaka apumzike, mwaka 1946. Hakupumzika. Akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe katika chuo cha Susquehanna, kisha akarejea Stockton kuwafundisha vijana wa huko kupiga mpira mateke, mpaka alipokuwa na miaka 98. Bi. Stella alifariki mwaka 1964, na mumewe akamfuata tarehe 17 Machi, 1965, akiwa na umri wa miaka 102.

Chicago iliurudisha mpira mwaka 1969, lakini kwa kiasi, bila ya kumlipia mtu karo kwa sababu ya kucheza. Palipokuwa na uwanja wa zamani pamesimama maktaba kubwa. Hutchins angefurahi kuiona, na pengine Stagg naye asingeona vibaya, maana alianza maisha yake kama mwanafunzi wa vitabu vya dini. Lakini vyuo vingine vya Marekani vilifuata ile njia aliyoifungua yeye na Harper, na leo makocha wa vyuo hivyo hulipwa mamilioni ya dola. Kijana wetu anayekwenda huko kwa miguu yake na akumbuke habari za Eckersall: makofi yaliisha, na shahada hakuwa nayo.